Wasiojulikana wa Huku na wa Huko

Tarehe 1 Aprili 2009, jijini London, askari wa kutuliza ghasia alimpiga rungu muuza magazeti aitwaye Ian Tomlinson, kisha akamsukuma kwa nyuma. Tomlinson hakuwa mwandamanaji. Alikuwa anarudi zake nyumbani, mikono mfukoni, akipita katikati ya maandamano ya kupinga mkutano wa G20. Alianguka, akainuka, akapiga hatua chache, akaanguka tena na kufa. Askari aliyempiga alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, na namba yake ya bega haikuonekana.

Wiki tatu baadaye, askari mwingine wa Uingereza alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Orwell katika kundi jipya la blogu. Huyu naye hakuwa na uso wala namba. Alijiita NightJack.

Kiswahili cha Tanzania kina neno moja linaloweza kuwabeba wote wawili: wasiojulikana. Zamani lilikuwa neno la kawaida la taarifa za polisi, kwamba "watu wasiojulikana wamevunja duka na kutokomea". Tangu Septemba 2017, mbunge wa upinzani Tundu Lissu alipomiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma, neno hilo limepata uzito mwingine. Mtu akilitaja kwenye daladala, wenzake hutazama dirishani. Hata hivyo wapo wasiojulikana wa namna nyingine kabisa, wanaoshika simu badala ya bunduki, na mara nyingi hao ni watumishi wa serikali: mwalimu, muuguzi, karani wa masijala, koplo wa kituo kidogo pembezoni mwa mji. Jinsi dola inavyowatendea hawa ikilinganishwa na wale ndicho kipimo kizuri cha kuitazama nchi, na safari hii inafaa kuanzia Lancashire.

NightJack alikuwa konstebo wa upelelezi wa polisi wa Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alianza kublogu mwaka 2008. Aliandika kuhusu zamu za usiku, ulevi wa mwisho wa wiki, familia zilezile zinazoitiwa polisi kila mwezi, fomu zisizokwisha, na wakubwa wanaohesabu takwimu wakati mhalifu anazunguka mtaani. Makala yake iliyosambaa zaidi ilikuwa ushauri kwa raia mwema anayejikuta mbele ya askari: aombe nini, akatae nini, anyamaze lini. Askari akimfundisha raia namna ya kujilinda dhidi ya askari! Jina lake halisi lilishachapishwa, na anayelitaka atalipata kwa dakika moja, lakini makala haya yatamwacha na jina alilojichagulia.

Baada ya tuzo, mwandishi wa gazeti la The Times aliamua kumtafuta. Gazeti likasema limempata kwa kupanga pamoja vipande alivyoviacha wazi mwenyewe mtandaoni, kikiwemo kitu kidogo kama mazoezi ya jujitsu. NightJack alikimbilia Mahakama Kuu kuomba zuio. Tarehe 16 Juni 2009 Jaji Eady alimkatalia. Kublogu, alisema jaji, ni shughuli ya hadharani, na anayeifanya hawezi kudai kwamba jina lake ni jambo la faragha. Tena wasomaji wana haki ya kujua ni mtumishi gani anayetoa maoni makali kuhusu kazi ya polisi. Jina likachapishwa, blogu ikafutwa, na mwenyewe akapewa onyo la maandishi na kurudi kazini.

Kama mambo yangeishia hapo, funzo lingekuwa jepesi: Uingereza nayo haimlindi askari anayesema. Lakini mwaka 2012, mbele ya uchunguzi wa Jaji Leveson kuhusu mienendo ya magazeti, ikabainika kwamba yule mwandishi alikuwa amekwisha kudukua barua pepe ya askari kabla ya kuanza kupanga vile vipande. Mahakama haikuwa imeambiwa hivyo. Mhariri aliomba radhi, gazeti likamlipa NightJack fidia ya pauni 42,500, na mwanasheria wa gazeti akasimamishwa uwakili kwa miezi sita. Kumbe jina la askari lilipatikana kwa kosa ambalo kulipeleleza ni kazi ya askari.

Na yule wa kitambaa usoni? Alipatikana kwa sababu mgeni kutoka Marekani alikuwa na kamera, na gazeti la The Guardian likaiweka picha yake ya video hadharani tarehe 7 Aprili. Baraza la uchunguzi wa kifo lilitamka mwaka 2011 kwamba Tomlinson aliuawa isivyo halali. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia askari huyo shitaka la kuua bila kukusudia, lakini jeshi la polisi lilimfukuza kazi. Mwaka 2013 polisi wa London waliiomba familia radhi na kuilipa. Haki ya namna hiyo ina pengo lake, na familia hiyo ingekuwa na mengi ya kusema. Ila jina lilijulikana, na aliyekuwa na wajibu wa kulijibia alijibu.

Wengine waliojificha nyuma ya majina ya kubuni walikuwa na mwisho tofauti. Askari aliyejiita PC David Copperfield aliandika kuhusu mji aliouita Newtown, ambao kumbe ulikuwa Burton upon Trent. Kitabu chake kilitoka mwaka 2006, mwaka uliofuata akajitokeza mwenyewe kwenye kipindi cha Panorama cha BBC, kisha akahamia Kanada kuwa polisi wa Edmonton. Mwenzake aliyejiita Inspector Gadget aliandika kwa miaka kadhaa, akafunga blogu mwaka 2013 na kuondoka na jina lake mfukoni. Mahakimu nao walikuwa na blogu yao, mpaka Agosti 2012 mwongozo wa mahakama ulipowakataza kujitambulisha mtandaoni kuwa ni mahakimu au majaji, hata kama wanaandika bila majina.

Nyumbani, blogu ya askari mmoja mmoja haikuota mizizi. Kilichoota ni jamvi.

JamiiForums ilianzishwa mwaka 2006, na kwa Mtanzania wa ughaibuni wa miaka ile ndiyo iliyokuwa kibaraza cha nyumbani. Mtu alitoka zamu ya usiku kwenye ghala la Birmingham au hospitali ya Minneapolis, akachemsha chai, akaingia JF kujua nini kimetokea Dodoma kabla magazeti hayajaamka. Aliyeandika hakuwa na jina. Alikuwa na "ID". Watu wakajuana kwa ID kama wanavyojuana kwa koo zao, wakaheshimiana na kutukanana kwa ID, na wengine wakazikana bila kujua waliyemzika alikuwa nani. Kati ya nyuzi za mapenzi na mpira zilipita nyuzi za watumishi: madaraja ya walimu yasiyopandishwa, dawa zinazoishia njiani, makontena yanayotoka bandarini bila kulipiwa. Waliojua mambo hayo walikuwa wale waliokaa nayo ofisini.

Tarehe 13 Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waasisi wa jamvi hilo. Walitaka awape taarifa za wanachama walioandika kuhusu makampuni yaliyotuhumiwa kukwepa kodi na mengineyo. Alikataa. Akashitakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba amezuia upelelezi. Kesi zikaburuzwa miaka kwa miaka, na tarehe 8 Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mwenzake aliyeshitakiwa naye aliachiwa. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2018, zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili ili asajiliwe, na awe na njia ya kumtambua aliyeleta maudhui. Juni mwaka huo JF ikajifunga kwa takriban wiki tatu. Mwaka 2019, Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari yenye makao New York ilimpa Melo tuzo yake ya kimataifa.

Hapo ndipo huku na huko vinapoachana. Lancashire, aliyemsaka askari ni gazeti, na askari alikwenda mahakamani kuomba kulindwa. Dar es Salaam, aliyemsaka mwenye ID ni askari, na aliyepelekwa mahakamani ni mlinzi wa kitabu cha majina. Jaji wa London aliulizwa kama jina ambalo limeshajulikana linaweza kuchapishwa. Hakimu wa Kisutu aliulizwa kama ni kosa kulishikilia jina ambalo halijajulikana. Maswali haya yanafanana kwa mbali tu.

Mtetezi wa serikali atasema ipo njia halali. Ni kweli ipo. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ilipitishwa mwaka huohuo wa 2015, na inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Sasa karani wa bandari anayemshuku mkuu wake, na kumshuku mkuu wa mkuu wake, aanzie wapi? Wahenga walishaiona kesi ya nyani ikiamuliwa na ngedere. Karani huyo anajua vilevile kwamba adhabu yake haitaandikwa kuwa adhabu. Itaandikwa uhamisho: kituo kipya, wilaya asiyoijua, posho ya kujikimu itakayochelewa. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN wajitambulishe kabla mwezi haujaisha. Yaani kila mwenye pazia aje aseme pazia lake liko wapi na ni la rangi gani.

Kabla ya intaneti, Mkenya David Munyakei alijifunza bei ya jambo hili. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya aliyeona malipo ya kampuni ya Goldenberg yakipita mezani kwake, malipo ya dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo za kuuza kwa kiasi hicho. Nyaraka alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani mwaka 1993. Alikamatwa, akashitakiwa kwa sheria ya siri za serikali, shitaka likafa lakini kazi hakurudishiwa. Akaenda Mombasa, akasilimu, akaoa, akaanza maisha mapya kwa jina la Hassan. Tuzo ya uadilifu kutoka Transparency International ilimfikia mwaka 2004. Alifariki mwaka 2006 huko Narok, maskini. Mtu huyu hakuwa na ID ya kujifichia wakati wa kusema, akalazimika kutafuta jina jingine la kuishia.

Upande wa pili wa neno wasiojulikana unatembea na silaha. Lissu alipona baada ya kutibiwa Nairobi na Ubelgiji, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa risasi zile. Tarehe 6 Septemba 2024, Ali Kibao, kada wa chama cha upinzani cha CHADEMA, aliteremshwa na watu wenye silaha kutoka ndani ya basi lililokuwa likielekea Tanga. Kesho yake mwili wake ulipatikana Ununio, Dar es Salaam. Rais aliagiza uchunguzi. Jeshi la Polisi limekuwa likikana kuhusika na utekaji, na makala haya hayana ushahidi wa kulipinga. Ila abiria wa basi lile hawakuwa na namna ya kutofautisha. Mtu mwenye bunduki na pingu asiyetaja jina, cheo wala kituo anaweza kuwa yeyote, na askari mwaminifu anayekwenda kukamata jambazi halisi kesho atakuta abiria wamekwisha kupoteza imani.

Kenya imekwenda mbali zaidi, kwani huko mtandao na bunduki vilikutana kwenye akaunti moja. Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi lilizuka kwenye Facebook jina la Hessy, mara Hessy wa Dandora, mara Hessy wa mtaa mwingine. Akaunti hizo zilibandika picha za vijana zikiwatuhumu ujambazi na kuwaonya waache au wahame. Baadhi ya vijana hao walionekana tena kwenye kurasa hizohizo wakiwa maiti. Wakazi na watetezi wa haki za binadamu wameamini siku zote kwamba nyuma ya jina hilo wapo polisi. Iwe askari mmoja, iwe kumi, hiyo ni sauti isiyo na jina ambayo haikuwahi kuombwa nywila na mtu. Wakati huohuo blogu zilizokosoa wakubwa zilikuwa zikipeleka watu mahakamani, mpaka Mahakama Kuu ilipofuta mwaka 2016 kifungu cha "matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano", na mwaka uliofuata kile cha kudhoofisha mamlaka ya ofisa wa umma.

Maandamano ya vijana dhidi ya Muswada wa Fedha, Juni 2024, yalileta nyuso zilizofunikwa na magari yasiyo na namba. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani, na Agosti mwaka huo Jaji Bahati Mwamuye akaagiza askari wanaosimamia maandamano wavae sare na wasifiche utambulisho wao. Mwaka uliofuata akafa Albert Ojwang, mwalimu kijana. Alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya maandishi kwenye mtandao wa X yaliyomtuhumu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi, na usiku huohuo akafia mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti walikuta majeraha ambayo mtu hawezi kujitia, na Inspekta Jenerali akaja kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile. Maafisa kadhaa wameshitakiwa. Mtu anayelinganisha na aweke pamoja: onyo la maandishi kule Lancashire, na jeneza kule Homa Bay.

Ingekuwa uonevu kuishia hapo bila kumsemea askari, kwa maana naye ana sababu za kweli za kuogopa jina lake lisizagae. Wa Ireland ya Kaskazini wanalijua hilo. Tarehe 8 Agosti 2023, polisi wa huko walipokuwa wakijibu ombi la kawaida la raia la kupewa takwimu, walipandisha mtandaoni jedwali ambalo ndani yake ulifichika ukurasa wenye majina ya ukoo, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi 9,483. Lilikaa wazi kwa zaidi ya saa mbili. Februari ya mwaka huohuo mpelelezi mwenzao alikuwa amepigwa risasi mjini Omagh, mbele ya mwanawe, baada ya kufundisha watoto mpira. Katika nchi ambayo askari huinama kila asubuhi kuchungulia chini ya gari kabla ya kuliwasha, orodha kama ile si uzembe mdogo. Mkuu wa polisi alijiuzulu ndani ya mwezi, na mamlaka ya ulinzi wa taarifa ikalitoza jeshi lake pauni 750,000. Mke wa trafiki wa Temeke au Kasarani naye angependa anwani ya nyumba yao isiwe ya kila mtu, na ana haki hiyo.

Wala si kila askari anayejificha mtandaoni ana la maana la kusema. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliweka hadharani maelfu ya maandishi ya Facebook ya polisi wa miji kadhaa, na Philadelphia peke yake ikawaondoa barabarani askari 72 kwa sababu ya yale waliyoyaandika kuhusu watu weusi, Waislamu na wengineo. Wengi wao hata hawakujificha. Kituo cha Charing Cross, London, kilikuja kuumbuliwa mwaka 2022 na jumbe za WhatsApp za askari wake ambazo hazifai kurudiwa hapa.

Hivyo hukumu ya makala haya haiko upande wa majina ya siri kwa jumla, wala upande wa kuyafichua yote. Anayekamata, anayepiga, anayeingia nyumba ya mtu usiku, huyo avae namba inayosomeka kwa mbali. Anayeandika kwamba dawa zimeibwa, aachwe na ID yake, na anayetaka kuijua aende kwanza kuzitafuta dawa. Uingereza imeshindwa mara nyingi kulitimiza hilo, lakini ikishindwa hulipa fidia, hufukuza, huomba radhi, na majina ya waliokosea hubaki kwenye kumbukumbu. Nyumbani mambo yamegeuzwa juu chini: karani ndiye anayetakiwa ajulikane, na mwenye bunduki ndiye asiyejulikana.

Limebaki moja linalowahusu wasomaji wa ughaibuni moja kwa moja, kwani siku hizi wao ndio jamvi. Binamu aliye Muhimbili, shemeji aliye halmashauri, rafiki wa kidato cha sita aliye kituo cha polisi Mwanza, wote wana namba ya mtu fulani London au Toronto, na usiku hutuma picha ya waraka na maneno mawili: "soma, ufute". Anayepokea yuko salama, ana kiti cha starehe na pasi ya nchi nyingine, na kidole kinamwasha kuusambaza kwenye makundi matano. Kwa NightJack, hata mazoezi ya jujitsu yalikuwa kipande cha kumtambulisha. Binamu anaweza kuponzwa na kona ya barua yenye Kumb. Na., mwandiko wa pembeni, alama ya kikombe cha chai, au saa picha ilipopigwa wakati ofisini walikuwepo watu watatu tu. Ukipokea waraka wa namna hiyo, usiupitishe kama ulivyo. Mpigie kwanza, umuulize ni wangapi wengine walioushika.